Nilisema Ningali Hai



Mimi ni mama wa watoto watatu, mkulima wa mahindi na mbaazi hapa Endasak, wilayani Hanang. Kando ya barabara kuu ya Babati kwenda Singida nina kibanda cha mama lishe. Ushuhuda huu nimeshautoa katika jumuiya yetu na kwenye mikutano ya WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, lakini kila nikiutoa kuna sehemu ninayoipitia haraka kwa kuona haya. Leo naiandika yote, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyoniokoa. Mungu aliniamsha kwa riwaya, tena riwaya iliyowahi kupigwa marufuku shuleni.

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha tatu. Enzi hizo kupimwa mimba kwa wasichana lilikuwa jambo la kawaida shuleni. Tulipangwa mstari nje ya ofisi, tukaingia mmoja mmoja, tukalala chali juu ya benchi. Muuguzi alituminya chini ya kitovu kwa vidole vya baridi, mwalimu wa zamu akiandika kwenye daftari. Ilipofika zamu yangu muuguzi hakusema neno, alimtazama mwalimu tu. Jina langu likapigiwa mstari kwa wino mwekundu, na kabla ya kengele ya chakula cha mchana nilikuwa njiani kurudi nyumbani, godoro kichwani. Kanuni za serikali za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa la maadili, na mimba ilihesabiwa humo. Mwanamume aliyenipa mimba ile alikuwa utingo wa lori la vitunguu. Jina lake halikuandikwa kwenye daftari lolote.

Sisi ni Wairaqw, ambao wengi hutuita Wambulu. Kwa mila zetu, binti akipata mimba kabla ya kuolewa anaiingiza nyumba nzima katika mwiko ambao wazee huuita metimani. Mwiko huo huwapata pia mjane na mzazi aliyefiwa na mtoto. Aliye ndani yake hali chombo kimoja na wengine, haendi kwa jirani kuomba moto, hachoti maji pamoja na wenzake, mpaka muda wake uishe. Kwa msichana mambo yalikuwa mazito zaidi. Iliaminika kwamba akijifungulia nyumbani kwa baba yake, balaa litawaangukia watu na mifugo. Wazee husimulia kwamba zamani mabinti wa namna hiyo walifukuzwa, na wengi walipata hifadhi kwa jirani zetu Wabarbaig, wakaolewa huko, nyumbani wasitajwe tena.

Baba yangu alikuwa amebatizwa, tena mzee wa kigango. Jioni ile hofu ya mababu na aibu ya kanisani zilimkuta kwa pamoja, naye akazitii zote mbili. Hakunipiga. Alisema tu, "Binti, usilale hapa," akaingia zizini. Mama alinifungia mahindi ya kukaanga kwenye kitenge, akanisindikiza hadi kwenye mgunga ulio mpakani mwa shamba letu, akarudi bila kugeuka, maana ndivyo alivyoagizwa.

Nilishika njia ya kuelekea Ziwa Balangida, bondeni chini ya Mlima Hanang, ambako kiangazi maji hukauka na chumvi ikabaki nyeupe juu ya ardhi. Huko bibi mmoja wa Kibarbaig alinikuta kisimani. Alivaa sketi ya ngozi yenye shanga na bangili za shaba zilizojaa mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, nami kwa lugha yake nilijua salamu peke yake. Alinishika tumbo, akatikisa kichwa, akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu na kunionyesha pa kulala. Mwanangu wa kwanza alizaliwa nyumbani kwake, akapokelewa kwa mikono yake. Hadi leo nikisikia mtu akiwasema vibaya Wabarbaig, namkatisha hapo hapo.

Mtoto alipoanza kukaa, mama mdogo alikuja kwa siri akamchukua amlelee kwake, nami nikaenda Babati kutafuta kazi za ndani. Mama mwenye nyumba niliyempata alikuwa mtu wa sala. Rozari ilisaliwa kila jioni sebuleni, watoto wote wakiwa wamepiga magoti. Mimi nililala stoo, juu ya magunia ya maharage. Mshahara wangu uliandikwa kwenye daftari mwezi baada ya mwezi, mkononi haukufika. Jioni nilisali nao, nikaitikia Salamu Maria kama walivyoitikia wao, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamini kwamba Mungu yuko upande wa walionitoa. Muuguzi, mwalimu, baba, katekista aliyelifuta jina langu kwenye orodha ya kipaimara, na huyu mama wa rozari, wote walimtaja Yeye. Nilijiona sina la kumwambia. Walikuwa wameshamweleza habari zangu wao.

Kuna usiku niliwaza kuyakatisha maisha yangu. Nalitaja hili kwa ajili ya anayesoma hapa akiwa na wazo hilo hilo. Dada yangu, usilale nalo peke yako. Mwamshe mtu leo umwambie. Mimi sikuwa na wa kumwamsha, na nashukuru kwamba kulikucha.

Siku moja mama mwenye nyumba alirudi kutoka sokoni na kitabu alichokinunua kwenye vitabu vilivyotumika. Alidhani ni kitabu cha sala, kwa sababu jina lake ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika Litania: Rosa Mistika. Alipokifungua akakuta habari za baba mlevi, barua za mapenzi na mambo ya wasichana wa bweni. Akakitupa jikoni, kwenye karatasi za kuwashia mkaa. Kesho yake alfajiri nilichana jalada la nyuma, nikaliwasha, nikalisogeza chini ya mkaa. Nilipotaka kuchana kurasa, macho yalitua pale baba anapompiga binti yake kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na mvulana. Nikaacha kuchana. Uji siku ile ulichelewa, nikatukanwa, na kitabu kikalala ndani ya gunia la maharage.

Nilikisoma usiku kwa koroboi. Mwandishi wake ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, na riwaya yenyewe ilichapishwa mwaka 1971, akiwa bado kijana. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wa Namagondo hiyo hiyo. Zakaria anakunywa pombe na kumlinda binti yake kwa fimbo, hata msichana anakua bila kujua lolote kuhusu wanaume zaidi ya kuwaogopa. Anapokwenda shule ya mbali na macho ya baba, hajui kujilinda, na anaharibika hatua kwa hatua. Baadaye anataka kugeuka. Anajirekebisha, anampenda Charles, anatamani ndoa ya heshima. Yaliyopita yanajulikana, mchumba anamwacha, na Rosa anajiua.

Hapo nililia, nikakifunga kitabu nikidhani kimekwisha. Kumbe zilibaki kurasa. Kezilahabi anawafikisha Rosa na baba yake mbele ya Mungu, na yule msichana aliyenyamazishwa tangu mwanzo wa kitabu anapewa nafasi ya kusema. Anamshtaki baba yake. Anasema jinsi alivyolelewa na jinsi malezi yale yalivyomfikisha alipofika. Mungu anamsikiliza.

Nilirudia kurasa zile mpaka mafuta ya koroboi yakaisha. Nilikuwa nimefundishwa kuwa mbele za Mungu mtu huungama makosa yake, na hilo ni kweli. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba mbele za Mungu huyo huyo mtu anaweza pia kueleza alichotendewa. Kichwani mwangu mahakama ya mbinguni ilikuwa na washtaki wengi na mshtakiwa mmoja, mimi. Kitabu kile kilinifungulia mlango mwingine. Kilinichoma pia, kwa sababu Rosa alipata wa kumsikiliza akiwa amekwisha kufa. Nikajiuliza kama ni lazima nami nifike kule ndipo niseme.

Swali hilo nililipeleka kitubioni. Nilimuuliza padre, "Baba, binti anaweza kumlalamikia mzazi wake kwa Mungu, au ni dhambi?" Alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia nisome Kitabu cha Mwanzo, sura ya 16 na ya 21, habari za Hajiri. Nilikuwa nimelisikia jina hilo tangu mafundisho ya komunyo bila kumjua mwenyewe. Hajiri alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya watu wa Mungu. Alizaa na bwana wa nyumba, kisha akatolewa na mwanawe, amebeba mkate na kiriba cha maji, kama mimi na mahindi yangu ya kukaanga. Mara ya kwanza alipotoroka, malaika alimkuta kwenye chemchemi akamuuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Tangu nitoke nyumbani hakuna aliyeniuliza maswali hayo mawili. Hajiri alijibu akiwa hai, jangwani, na kutoka siku ile akamjua Mungu kuwa ndiye anayemwona.

Usiku ule, stoo, nilisali kwa sauti kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Sikuanza na Baba Yetu. Nilianza na muuguzi. Nilieleza vidole vyake, daftari, wino mwekundu, utingo, mlango wa baba yangu, mgunga ule na mama asiyegeuka. Nilitaja na yangu, nilipodanganya, nilipowachukia watu mpaka nikawatakia kifo, nilipomwonea aibu mwanangu mwenyewe. Nilisema yote kwa lugha ya nyumbani, Kiiraqw, kwa sababu Kiswahili changu cha sala kilikuwa cha kukariri. Bibi yangu mzaa mama aliomba kwa Looaa, Mungu wa wazee wetu, ambaye kwao ni mama, na aliomba hivyo hivyo, kwa kusema naye uwanjani asubuhi kama mtu anayesema na mzazi wake. Utotoni niliambiwa hayo ni mambo ya kipagani. Usiku ule nilielewa kwamba bibi alijua jambo ambalo mimi mbatizwa sikulijua: mtoto hamwogopi mama yake hata akashindwa kumlilia.

Hakuna mwanga niliouona, wala sauti niliyoisikia. Nilichoka, nikalala. Asubuhi nilikuwa na uhakika ambao haujaniacha mpaka leo, kwamba Mungu hakuwahi kuliandika daftari lile. Ndipo imani yangu ilipoanza. Ile ya kabla yake ilikuwa woga wa watu waliovaa jina lake.

Imani hiyo ilinifungua kinywa. Kwanza nilimwomba mama mwenye nyumba mshahara wangu. Aliponiambia nimekuwa jeuri, nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na ile hesabu ya miezi. Nililipwa sehemu. Nikanunua shuka la mtoto, kilo mbili za sukari na tikiti ya basi, nikarudi Endasak.

Baba nilimkuta palepale nilipomwacha, zizini, anakamua. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia bila kuinua macho. Nikamwambia nimekuja kusema, na nikimaliza akinifukuza nitaondoka. Nilisema niliyoyasema stoo, bila kupaza sauti na bila kumvunjia heshima. Maziwa yalikuwa yamejaa kibuyu na bado mikono yake ilikuwa kwenye chuchu za ng'ombe. Mwishoni aliuliza jambo moja tu: "Mtoto anakula?" Nikasema anakula. Akasema, "Mlete." Haikuwa rahisi baada ya hapo. Majirani walipitia njia nyingine kwa muda mrefu, wazee walikaa vikao, wakafanya ya mila, padre akaja akaibariki nyumba. Lakini baba yangu alimfundisha mwanangu kuchunga, na kabla hajafa aliniomba msamaha mbele ya mama. Msamaha huo Zakaria wa riwayani hakupata nafasi ya kuuomba duniani. Namshukuru Mungu kwamba wangu aliipata.

Nilisoma jioni, nikafanya mtihani wa maarifa, kisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikaolewa, nikafungua kibanda. Nisingependa mtu afikiri kuwa baada ya kumjua Mungu njia ilinyooka. Mwaka 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha mbaazi inazoagiza kutoka nje. Zao ambalo lilikuwa limeshafika zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo likaanguka hadi shilingi mia chache, na wapo walioacha mbaazi zikaukie shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei. Sisi tulikuwa tumekopa kikoba kwa matumaini ya mavuno yale. Tuliuza ng'ombe, mume wangu akashika gongo, watoto wakala makande bila maharage. Nilirudi kwenye sala ya stoo. Nilimweleza Mungu kwa majina, deni, gongo na hasira yangu. Kisha nikaenda kikobani kuwaeleza wenzangu kabla hawajanifuata, tukapanga upya marejesho. Mume wangu naye nilimwambia ukweli mbele ya wasimamizi wetu wa ndoa. Aliacha pombe taratibu, akaanguka, akaacha tena. Deni tulilimaliza.

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Alfajiri ile, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope likashuka na mawe na magogo, likapita Jorodom, Gendabi na mji wa Katesh, likabeba nyumba na watu waliokuwamo. Waliokufa ni zaidi ya 80. Shule ziligeuka kambi, na wanawake wa vijiji vya jirani tukaenda na masufuria yetu. Nilipokuwa nikigawa uji nilimwona mama mmoja amekaa peke yake ukutani, na kikombe chake kimewekwa mbali na vya wengine. Alikuwa amefiwa na mume na watoto. Hakuna aliyemfukuza. Watu walikuwa wanamwonea huruma kweli kweli, ila miguu yao ilimzunguka kwa ule mwiko wa zamani, na yeye mwenyewe aliufuata. Nilichukua sahani yangu ya ugali na maharage, nikakaa chini ubavuni mwake, nikaweka sahani katikati yetu. Alinikataza kwa Kiiraqw. Nikammegea, nikala nami. Kisha nikamuuliza anatoka wapi. Alizungumza mpaka giza likaingia, nami sikumwambia anyamaze wala ashukuru kwa kila jambo. Kesho yake wanawake wengine walikuja kukaa nasi.

Serikali nayo imesogea. Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Nilisikia tangazo hilo redioni nikiwa nakoroga makande, nikaweka mwiko chini. Ndani ya ukoo wetu kuna binti aliyerudi darasani kwa ruhusa ile, na mwanawe alishinda kibandani kwangu akimsubiri mama yake atoke shule. Lakini tangazo haliwezi kuingia kwenye nyumba ambayo baba amesimama mlangoni. Huko tunatakiwa kuingia sisi.

Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu. Binti yako akija na habari mbaya, muulize maswali ya malaika kwa Hajiri kabla hujasema neno jingine: unatoka wapi, unakwenda wapi. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Zakaria alidhani fimbo ni ulinzi, na wako Zakaria wengi Hanang na Mbulu wanaowapenda mabinti zao kwa namna hiyo hiyo.

Nawaomba makatekista, wachungaji na mapadre: mnapotufundisha kuungama, tufundisheni na kulalamika mbele za Mungu. Ayubu alilalamika sura baada ya sura, na mwishoni Mungu alisema kwamba ni Ayubu aliyenena yaliyo sawa, si wale rafiki zake waliomtetea Mungu kwa kumlaumu mgonjwa. Na msiogope riwaya. Kezilahabi alifariki Januari 2020 bila kujua kwamba kitabu chake kilinusurika jikoni Babati na kumrudisha mtu kanisani.

Nawe binti uliyetolewa nyumbani, au unayelala stoo kwa watu usiku huu, sema. Mwambie Mungu kwa lugha yako ya nyumbani, bila kupamba, halafu kesho asubuhi mwambie mtu mmoja mwenye uwezo wa kufanya jambo: mwenyekiti, mwalimu, mama wa jumuiya, ustawi wa jamii. Ukifika Endasak ulizia kibanda cha mama wa makande. Utakula kwanza, halafu nitakusikiliza.